Bandama, dengu na malimau: Jinsi Palermo inavyouza mazao barabarani

KILO moja ya unga wa dengu ikichanganywa na lita tatu za maji hutoa uji mzito wenye uzito wa zaidi ya kilo tatu. Uji huo ukikorogwa jikoni mpaka ukashikana kama ugali, ukatandazwa ukapoa, ukakatwa vipande vyembamba na kukaangwa katika mafuta ya moto, huitwa panelle. Ni miongoni mwa vyakula vya bei ndogo kabisa katika mitaa ya Palermo, na mchuuzi anayejua kazi yake hahitaji kuelezwa faida inatoka wapi. Sehemu kubwa ya anachouza ni maji.

Palermo ni mji mkuu wa kisiwa cha Sicily, kusini mwa Italia, wenye wakazi zaidi ya 600,000. Ulianzishwa na Wafoinike karne ya 8 kabla ya Kristo na tangu hapo umetawaliwa na karibu kila taifa lililokuwa na meli katika bahari ya Mediterania. Wageni wengi huenda kuona makanisa na majumba ya kifalme, hasa yale ya enzi za Waarabu na Wanormani ambayo UNESCO iliyaingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2015. Makala hii inaupita mji huo kwa njia nyingine, yaani kwa kufuata moshi na harufu ya mafuta, kwa sababu nyuma ya karibu kila chakula kinachouzwa barabarani hapo yupo mkulima, mchinjaji au mvuvi aliyekuwa na mzigo usio na mnunuzi. Barabara ndiyo iliyomtafutia mnunuzi.

Tuanze na hiyo dengu.

Ugali unaokaangwa

Panelle huuzwa katika vibanda vya kukaangia, vingine vikiwa na meza moja tu na karai kubwa la mafuta. Unga huchanganywa na maji na chumvi ukiwa baridi ili usiwe na madonge, kisha hukorogwa kwa mwiko bila kupumzika. Ukikaribia kuiva hutiwa majani mabichi yaliyokatwakatwa, jamii ya kotimiri. Zamani ulimiminwa katika vibao vya mti vilivyochongwa nakshi ili kila kipande kitoke na umbo lake. Siku hizi hutandazwa tu na kukatwa kwa kisu. Vipande vilivyokaangwa hupangwa ndani ya mkate laini wenye ufuta juu, hunyunyiziwa chumvi na limau, na mteja huondoka akila. Wengi huongeza viazi vilivyopondwa na kuchanganywa na nanaa, navyo vikakaangwa kama kababu ndogo.

Msomaji wa pwani yetu atasema hiyo ni bajia ya dengu. Ni ndugu kweli, lakini mbinu ni tofauti na tofauti hiyo ina maana kibiashara. Bajia hukaangwa kutoka kwenye rojo. Panelle hupikwa mara mbili: kazi nzito ya kukoroga hufanywa alfajiri, na kukaanga hufanywa mteja akiwa amesimama mbele ya karai. Kwa hiyo mchuuzi hakaangi kitu ambacho hakijapata mnunuzi, na vipande vilivyobaki jioni havijagusa mafuta. Katika biashara ya mtaji mdogo, hicho ndicho kinachomwokoa mtu siku ya mvua.

Dengu yenyewe ni zao la maskini na la ardhi kavu. Huvumilia ukame, na kama jamii nyingine ya kunde huirudishia ardhi naitrojeni, ndiyo maana wakulima wa Sicily kwa karne nyingi wameipanda kwa zamu na ngano. Hapa kwetu Kanda ya Ziwa wanaijua kazi hiyo. Kinachotutenganisha ni kwamba sisi jamii hii ya nafaka tunaitia magunia na kuisubiri meli. Agosti 2017 India ilipoweka kikomo cha mbaazi zinazoingia nchini mwake, wakulima wetu wa mbaazi waliona bei ikianguka na hapakuwa na karai la mtu yeyote nyumbani lililoweza kuzipokea. Palermo haina ardhi bora kuliko yetu. Ina walaji wanaokula dengu kila siku mlangoni pa mkulima.

Waarabu, maji na vitunguu

Mwaka 831 Palermo iliangukia mikononi mwa Waarabu waliotoka Afrika Kaskazini, na ilibaki kwao hadi Wanormani walipouchukua mji mwaka 1072. Katika muda huo, kilimo cha kisiwa kilibadilika kuliko wakati mwingine wowote. Waarabu waliingiza au kueneza miwa, malimau na machungwa machungu, na zaidi ya mazao walileta elimu ya maji: magurudumu ya kuteka visimani, mifereji iliyochimbwa chini ya ardhi, na mabirika ya kuhifadhia maji shambani. Wakulima wa Sicily bado huliita birika hilo gebbia, neno lenye asili ya Kiarabu.

Kiswahili nacho kilichota katika kisima hicho hicho, hivyo Mswahili akipita sokoni Palermo hukutana na majirani. Zafarani wanaiita zafferano. Sukari ni zucchero. Zabibu wanazo, aina moja ya zabibu tamu inaitwa zibibbo hadi leo.

Mfanyabiashara na msafiri Ibn Hawqal alifika Palermo karibu mwaka 973 na kuandika alichokiona. Alishangazwa na wingi wa misikiti, ambayo aliikadiria kuwa takriban 300, akaeleza masoko na maduka ya nyama, kisha akawalaumu wenyeji kwa kula vitunguu vibichi asubuhi na jioni mpaka, kwa maoni yake, akili zao zikaharibika. Sijui kama kitunguu kinadhuru akili. Ninachojua ni kwamba zaidi ya miaka elfu moja baadaye wakazi hao hawajaacha, na kitunguu ndicho kinachoshika nafasi ya kwanza juu ya sfincione, mkate mnene ambao tutaufikia sasa hivi.

Ushahidi mwingine ni wa mwaka 1154. Mwanajiografia al-Idrisi, aliyefanya kazi katika jumba la mfalme Mnormani Roger wa Pili, aliandika kwamba katika mji wa Trabia, mashariki ya Palermo, palikuwa na vinu vya maji na watu waliotengeneza tambi kwa wingi na kuzisafirisha kwa meli kwenda nchi za Waislamu na za Wakristo. Tambi kavu haziozi njiani na hubeba bei kubwa kuliko ngano. Leo mambo haya huitwa kuongeza thamani na huandaliwa semina hotelini. Trabia walikuwa wakiyafanya karne ya 12.

Asubuhi Ballarò

Masoko ya zamani yaliyo maarufu ni matatu: Ballarò, Capo na Vucciria. Kwa mtu wa kilimo, Ballarò ndilo la kwanza. Limejipanga katika vichochoro vya mji mkongwe, chini ya maturubai, na sauti za wauzaji zina jina lake maalumu, abbanniata, yaani kunadi kwa kuimba. Kila muuzaji ana mtindo wake, na asiyeweza kunadi ajue jirani atamchukulia wateja.

Jambo ambalo mkulima wa mboga angepaswa kulitazama kwa makini si vyakula vya kukaanga. Ni meza za mboga. Pembeni ya viazi vibichi kuna sufuria ya viazi vilivyokwisha kuchemshwa. Pembeni ya vitunguu vibichi kuna sinia la vitunguu vikubwa vilivyookwa na maganda yake mpaka vikawa vyeusi. Katika msimu wake huchemshwa pia atichoki, mmea wa jamii ya mbigili ambao huliwa ua lake kabla halijachanua. Mnunuzi huenda nyumbani, hukata, hutia mafuta ya zeituni na chumvi, na chakula kiko tayari. Hakuna mashine wala chapa wala pakiti. Muuzaji wa mboga ameongeza moto tu, amepata bei nyingine, na mzigo ambao kesho ungenyauka ameuuza leo.

Nyanya nazo zina hila yake. Mwezi Agosti, zinapokuwa nyingi na bei iko chini, familia za Sicily husaga nyanya, huzitia chumvi na kuzitandaza juani kwenye mbao pana. Hugeuzwa mara kwa mara kwa siku kadhaa, hadi zinakuwa rojo zito jekundu iliyoiva, karibu rangi ya matofali. Huiita strattu. Inakadiriwa kwamba kilo 10 za nyanya hutoa kilo moja hivi, na kijiko kimoja hutosha kutia rangi na ladha sufuria zima la mchuzi wakati wa baridi. Kila mwenye kukumbuka matenga ya nyanya yaliyomwagwa kando ya barabara zetu msimu wa wingi ataona kwamba nishati iliyotumika hapo ni jua.

Sfincione yenyewe huokwa katika sinia: donge nene lenye vinyweleo kama sifongo, juu yake mchuzi wa nyanya, kitunguu kingi, dagaa waliohifadhiwa kwa chumvi, jibini na chenga za mkate mkavu. Tazama orodha hiyo vizuri. Mkate wa jana haujatupwa, samaki wadogo waliovuliwa wengi wametiwa chumvi, na jibini ni ya kunyunyiza tu. Huuzwa kwenye pikipiki za magurudumu matatu aina ya Ape, jina lenye maana ya nyuki, zinazotengenezwa na kampuni ya Piaggio tangu mwaka 1948. Kipaza sauti hurudia tangazo lile lile lililorekodiwa, mtaa hadi mtaa. Kwa wasiojua, bajaji zetu ni ukoo huo huo, kwa kuwa kampuni ya Bajaj ya India ilianza kuunda vyombo vyake kwa leseni ya Piaggio.

Pia utamkuta mtu amekaa na kikapu kilichofunikwa kitambaa. Ndani yake mna frittola, yaani mabaki ya nyama ya ndama, gegedu na vijinyama vilivyobanduliwa mifupani, vikachemshwa na kukaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Muuzaji hutia mkono ndani bila kufunua, hutoa kiasi na kukiweka juu ya karatasi. Mteja hachagui wala haoni. Afisa afya wa kwetu angekuwa na maneno, nami ningekuwa upande wake, lakini kikapu hicho kimeishi muda mrefu kwa sababu muuzaji yupo pale pale kila siku na mteja anajua atamkuta kesho akiwa na malalamiko.

Robo ya tano

Waitaliano husema mnyama akigawanywa ana robo nne, na matumbo na viungo vya ndani ni "robo ya tano". Robo nne za kwanza zilikwenda kwa matajiri. Palermo iliishi kwa ya tano.

Chakula kinachoujulisha mji huu kuliko vingine ni mkate wa bandama, kwa lugha ya wenyeji pani ca meusa. Bandama na mapafu ya ng'ombe huchemshwa, huachwa vipoe, hukatwa vipande vyembamba na kupashwa moto katika mafuta ya nguruwe ndani ya sufuria pana iliyoinamishwa. Vipande hutiwa ndani ya mkate wa mviringo wenye ufuta. Mteja huulizwa kama anataka "mseja", yaani na limau tu, au "aliyeoa", yaani ulioongezwa jibini.

Simulizi za mji zinasema chanzo chake ni wachinjaji Wayahudi wa enzi za kati. Dini yao iliwazuia kupokea fedha kwa kazi ya kuchinja, hivyo walilipwa viungo vya ndani, nao wakavipika na kuviuza kwa Wakristo pamoja na mkate. Wayahudi walifukuzwa Sicily kwa amri ya wafalme wa Hispania ya mwaka 1492, lakini biashara ikabaki mikononi mwa wengine, na ndipo mafuta ya nguruwe, ambayo Myahudi asingeyagusa, yakashika sufuria. Msomaji Mwislamu anayefika Palermo alikumbuke hilo kabla ya kuagiza. Panelle na pweza wa kuchemshwa havina tatizo hilo kwa asili, ingawa ni vema kuuliza karai limekaanga nini kabla.

Jioni moshi mzito huashiria stigghiola, utumbo wa mwanakondoo au mbuzi uliosafishwa, ukazungushwa kwenye kitunguu cha majani na kuchomwa juu ya mkaa. Aliyekula mutura Kenya hatahitaji maelezo zaidi.

Kulowesha mdomo wa ndege

Ingekuwa uongo kueleza biashara ndogo ya Palermo bila kutaja pizzo. Ni fedha ambazo Mafia hudai kwa mwenye duka, mwenye kibanda na hata mwenye meza ili "wamlinde". Neno hilo huelezwa kuwa linatokana na mdomo wa ndege: mdai anataka naye aloweshe mdomo wake katika kinywaji chako.

Uchumi wake ni wa kikatili. Kodi ya serikali hutozwa kwa faida. Pizzo hutozwa kwa hofu. Asiyelipa hukuta kufuli limezibwa kwa gundi, kisha duka limeungua. Anayelipa huongeza bei kidogo, hupunguza mshahara wa kijana wake, au humbana mkulima anayemletea mzigo, kwa hiyo mwisho wa yote fedha hiyo hutoka shambani na kwa mlaji.

Mwaka 1991 mwenye kiwanda cha nguo Libero Grassi alikataa hadharani, akaandika barua gazetini akimwambia mdai wake kuwa hatalipa. Wafanyabiashara wenzake hawakumuunga mkono. Aliuawa kwa risasi tarehe 29 Agosti mwaka huo huo. Baada ya kifo chake ndipo serikali ilipoweka sheria na mfuko wa kuwafidia waliodhuriwa kwa kukataa kulipa. Juni 2004 vijana wachache walibandika vibandiko mjini usiku mmoja, ujumbe wake ukiwa kwamba watu wote wanapolipa pizzo wamepoteza heshima yao. Kutokana na hapo ikazaliwa taasisi ya Addiopizzo, yenye mbinu rahisi: maduka yasiyolipa yanaorodheshwa, na walaji wanaahidi kununua huko. Orodha ilianza na maduka kama 100 na baadaye ikapita 1,000.

Vita hivyo vilifika hadi kwenye sufuria ya bandama. Antica Focacceria San Francesco, mgahawa ulioanzishwa mwaka 1834 na ambao mkate wake wa bandama ni maarufu, ulidaiwa pizzo. Aliyekuwa mmiliki wake, Vincenzo Conticello, alikwenda polisi, na mwaka 2007 akawanyooshea kidole wadai hao mahakamani wakiwa wamekaa mbele yake. Walifungwa, yeye akaishi chini ya ulinzi wa askari. Mei 2016 ikawa zamu ya wageni. Wenye maduka madogo katika barabara ya Via Maqueda, wengi wao wahamiaji kutoka Bangladesh, walitoa ushahidi na watu 10 wakakamatwa. Wenyeji wengi walikuwa wamenyamaza miaka yote hiyo.

Limau lililozaa walinzi

Chanzo cha udhalimu huo kina uhusiano na kilimo, na hili ndilo linalonigusa zaidi kama mchumi wa kilimo. Palermo imezungukwa na milima, na uwanda uliopo katikati huitwa Conca d'Oro, yaani Bakuli la Dhahabu. Katika karne ya 19 ulijaa michungwa na milimau.

Mwaka 1747 daktari wa meli James Lind alionyesha kwa majaribio kwamba machungwa na malimau yanatibu kiseyeye, ugonjwa uliokuwa ukiua mabaharia, na mwaka 1795 jeshi la majini la Uingereza likaanza kuwagawia askari wake maji ya limau. Soko likafunguka ghafla. Limau la Sicily likawa zao la fedha lenye faida kubwa kuliko karibu zao lolote kisiwani, likauzwa hadi Marekani.

Lakini limau ni mali iliyoning'inia mtini. Shamba linahitaji maji kiangazi chote, ukuta wa mawe, na miaka ya kusubiri kabla ya kuvuna. Usiku mmoja wa wezi unatosha kukusanya mavuno ya mwaka, na serikali ya wakati huo ilikuwa dhaifu. Wenye mashamba wakaajiri walinzi. Walinzi wakagundua kwamba anayelinda ndiye anayeweza kuiba, na anayeshika mfereji wa maji ndiye anayeshika shamba. Mwaka 2017 wachumi Arcangelo Dimico, Alessia Isopi na Ola Olsson walichapisha utafiti uliotumia takwimu za uchunguzi wa bunge la Italia wa miaka ya 1880, wakaonyesha kwamba Mafia ilionekana zaidi katika miji iliyolima jamii ya machungwa. Bei nzuri bila ulinzi wa sheria ilizalisha dalali mwenye bunduki. Wanaolima vanila au korosho watasoma aya hii mara mbili.

Bakuli lenyewe limebaki vipande. Katika miaka ya 1950 na 1960 vibali vya ujenzi vilitolewa kwa wingi na kwa hila, bustani za malimau zikafyekwa na magorofa ya zege yakapanda mahali pake. Wenyeji huita kipindi hicho uporaji wa Palermo. Ndiyo maana mtu anaweza kula mkate wa bandama uliokamuliwa limau akiwa amezungukwa na magorofa yaliyomeza milimau.

Siku ya Lucia

Tarehe 13 Desemba, sikukuu ya Mtakatifu Lucia, watu wa Palermo hawali mkate wala tambi. Inasimuliwa kwamba mwaka 1646, wakati wa njaa, meli iliyosheheni ngano iliingia bandarini siku hiyo, na watu hawakuwa na subira ya kusaga; walichemsha ngano nzima wakaila. Hadi leo hupika ngano hiyo nzima, wakaiita cuccìa. Neema haikudumu, maana Mei 1647, uzito wa mkate ulipopunguzwa, mji ulilipuka kwa ghasia dhidi ya utawala wa Hispania.

Siku hiyo pia ni ya arancina, donge la wali wenye zafarani lililojazwa nyama, likavingirishwa katika chenga za mkate na kukaangwa likafanana na chungwa. Watu wa Catania, mashariki mwa kisiwa, huliita kwa jinsia ya kiume, arancino, na ugomvi huo ni mkubwa kiasi kwamba chuo cha lugha ya Kiitaliano, Accademia della Crusca, kiliulizwa na mwaka 2016 kikajibu kwamba zote mbili zinakubalika. Hakuna aliyeridhika. Mchele wenyewe hauendi mbali katika ubishi huo, kwani mwingi wa Italia hulimwa kaskazini, Piemonte na Lombardia. Hapa faida ya mkulima inavuka bahari; kinachobaki Palermo ni ya mkaangaji.

Na hilo ndilo swali linalokua. Soko la Vucciria, ambalo jina lake linatokana na neno la Kifaransa la bucha, mchoraji Renato Guttuso alilichora mwaka 1974 likiwa limejaa samaki, nyama na matunda hadi pasipo mahali pa kupita. Leo meza za vyakula vibichi ni chache na mahali pale huchangamka usiku kwa vinywaji na nyama ya kuchoma. Mgeni hula panelle mbili na kupiga picha, lakini hanunui kilo tatu za atichoki kwa ajili ya familia. Kibanda cha mboga kikigeuka kibanda cha kukaangia, mchuuzi amepata na mkulima wa jirani amepoteza meza. Ballarò limehimili zaidi kwa sababu wanaoishi juu ya vichochoro vyake, Wasicily pamoja na wahamiaji kutoka Ghana, Nigeria na Bangladesh, bado hushuka kila asubuhi kununua vibichi.

Upande wa mashariki wa mji, kitongoji cha Ciaculli, bado kuna bustani zilizonusurika zege. Huko, katika miaka ya 1940, mti mmoja wa chenza ulijigeuza wenyewe na kuanza kuzaa kwa kuchelewa. Matunda yake huiva kati ya Januari na Machi, machenza mengine yakiwa yamekwisha sokoni, na ni matamu, yenye ganda jembamba na mbegu chache. Shirika la Slow Food limeyaweka katika orodha yake ya mazao ya kulindwa. Wakulima wake ni wadogo, na wanashindana na machenza ya kutoka nje yanayofika kwa meli yakiwa na ukubwa mmoja na mng'aro mmoja. Yao hupelekwa sokoni na vikonyo na majani yake, kwa kuwa mnunuzi wa Palermo hutazama jani kwanza. Likiwa limenyauka, hupita meza inayofuata.